Sahani Nilizozitupa Zilikuwa Zinamtetea Wifi Yangu

Nimekosa, na kosa langu sikulifanya kwa kupitiwa. Nilimpaka wifi yangu matope kuwa anauza dawa feki, na sikumpaka kwa mdomo. Nilimpaka kwa hesabu! Umbeya wa kisimani watu wanaujua kuwa ni umbeya, wanausikiliza wanacheka, wanabeba ndoo zao wanaondoka. Mimi nilikuja na karatasi iliyopigwa taipu, wastani huu hapa, wastani ule pale, na watu wazima wakatikisa vichwa wakaamini.

Jina langu sitalitaja. Hospitali sitaitaja, maana haikunituma. Wifi nitamwita Mama Neema, si jina lake, ila ana haki ya kuitwa kitu kizuri.

Mimi ni Mmeru, nimezaliwa huko juu mlimani kwenye kahawa na migomba, nikasoma, nikawa mtu wa maabara hapa Arusha. Nilikuwa nakaa Sekei. Na niwaambie mapema tabia yangu: mimi ni mtu wa kushuku. Ukinisalimia kwa furaha sana nitajiuliza unataka nini. Ukinuna nitajiuliza nani amekulisha maneno. Hata mchungaji akihubiri kuhusu wivu, mimi naangalia ni nani aliyekwenda kunisemea kwake.

Mdogo wangu wa kiume alioa Mchaga wa Machame, binti mchapakazi, mcheshi, msomi wa mambo ya dawa. Ilipofika miaka ile ya ruksa, mtu binafsi akaruhusiwa kufungua duka la dawa, yeye hakungoja. Alikodi chumba Levolosi, akapaka rangi nyeupe, akaweka rafu. Dawa zinaingia kutoka nje, nyingine kupitia mpaka wa Namanga. Mjini zamani ulikuwa unaambiwa "dawa hakuna, rudi wiki ijayo." Kwa Mama Neema ulikuwa unapata.

Mama yetu alifurahi. Alikuwa anasema, "Usione vyaelea, vimeundwa. Huyu mtoto anafanya kazi." Mimi nikawa nasema moyoni, vimeundwa na nini?

Maana nilikuwa naona mambo! Niliona gari la namba za Kenya linashusha maboksi. Niliona kaka, huyo mdogo wangu, amenunua pikapu. Na niliona pazia. Nyuma ya duka lile kulikuwa na pazia la maua, na kila nikipita, wifi ananiacha na msichana wake wa dukani, anaingia nyuma ya pazia, analivuta mpaka mwisho. Anafanya nini huko? Wakati ule mjini palikuwa na maneno kwamba kuna watu wanafungua vidonge vya rangi mbili, wanamwaga dawa, wanajaza unga wa muhogo. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mimi nikaamua lipo, na liko nyuma ya pazia la maua.

Krismasi akaniletea kitenge kizuri cha wax. Unajua niliwaza nini? Nikawaza, ananiziba mdomo. Kitenge nikakishona, nikakivaa, na nikaendelea kumshuku.

Sasa sikia shetani alivyonifungulia mlango. Siku moja Daktari wetu mkuu aliingia maabara, mzee mpole, Mpare, asiyependa maneno mengi. Akasema, "Bohari ya serikali inatuchelewesha sana. Kuna duka Levolosi limeomba kutuuzia kloksasilini, ile ya vidonda na majipu. Tulinganishie ya bohari na ya hilo duka. Kama nguvu ni moja, tutanunua kwake."

Nikasema, "Sawa, Daktari." Sikumwambia kuwa mwenye duka ni mke wa mdogo wangu. Ningemwambia angempa kazi mtu mwingine, na mimi kazi ile niliitaka kwa udi na uvumba.

Kwa wasiojua, kazi yenyewe iko hivi. Una sahani ndogo ya kioo yenye rojorojo. Unachukua usaha wa mgonjwa, unaotesha wadudu wake, unawapaka juu ya ile rojorojo. Halafu unaweka vikaratasi vya duara vilivyochovywa dawa. Vya kununua havikuwepo, sisi tulitoboa wenyewe kwa ile mashine ya karani ya kutobolea mafaili. Kila sahani nikaweka viwili: huku dawa ya bohari, huku dawa ya wifi. Sahani inalala kwenye kabati la joto. Asubuhi unakuta wadudu wameota kila mahali isipokuwa kuzunguka dawa. Hapo panabaki duara safi, unalipima kwa rula. Duara pana, dawa ina nguvu. Duara dogo, dawa legelege.

Lakini sahani moja haina la kusema. Leo rojorojo ni nene, kesho nyepesi, wadudu wa huyu wakali, wa yule wapole. Kwa hiyo unafanya nyingi, za wagonjwa mbalimbali, unatafuta wastani, na unaangalia namba zimetawanyika kiasi gani. Ikiwa dawa mbili zimepishana kidogo, na sahani zenyewe kwa zenyewe zinapishana kuliko hapo, basi unanyamaza, huna kesi. Haya nilifundishwa Moshi kwenye kozi na niliyaelewa vizuri sana. Msidhani nilikosea kwa kutokujua.

Sahani za kwanza zikatoka. Sawa kwa sawa! Hapa ya wifi imezidi kidogo, pale ya bohari imezidi kidogo, hapa zimelingana.

Nikakataa. Nikajiambia, haiwezekani, kuna kitu. Nikachukua sahani moja ambayo duara la wifi lilikuwa pana, nikaiinua dirishani kwenye mwanga. Ehe! Rojorojo ya upande wake ilikuwa nyembamba, na penye wembamba duara hutanuka. Sahani mbovu hii. Nikaitupa kwenye ndoo ya kuchemshia.

Nikachukua nyingine iliyompendelea. Kikaratasi kilikuwa kimekaa karibu na ukingo. Mbovu. Ndooni. Nyingine, usiku ule umeme ulikatika kwa mgao, kabati likapoa. Mbovu. Ndooni.

Na kila kasoro niliyoitaja ilikuwa ya kweli! Hapo ndipo utamu wa dhambi hii ulipo, ndugu yangu. Sikubuni hata moja. Ila zile sahani ambazo wifi alishindwa, unadhani niliziinua dirishani? Thubutu! Nazo zililala kabati lile lile, zikakosa umeme usiku ule ule, na nyingine nina hakika zilikuwa na rojorojo kama barabara ya Levolosi kipindi cha mvua. Hizo nilizipima haraka haraka nikaziandika. Sahani za kumtetea nilizipekua kama askari wa forodha, za kumshitaki nikazipa njia.

Nikapiga wastani kwa zilizobaki. Loo! Namba zikasimama mstari kama askari wa paredi. Bohari juu, wifi chini, mtawanyo mdogo, tofauti ya wazi kabisa kwa vipimo vyote vya Moshi. Nilifurahi, sikufichi. Nilifurahi kama mtu aliyemkamata mwizi wake.

Daktari akasoma ile karatasi taratibu. Akauliza swali moja tu, "Kuna sahani umeziondoa?"

"Zilizoharibika tu, Daktari."

Akaniangalia, akaangalia karatasi, akatia sahihi. Sahani zenyewe zilikuwa zimeshachemshwa na kuoshwa, zinang'aa kwenye rafu, hazina ushahidi wowote.

Hospitali ikakataa dawa ya Mama Neema. Daktari, kwa haki kabisa, akawaarifu wahusika wa mkoa. Wakaja Levolosi, wakafunga duka, wakabeba makopo, sampuli zikapelekwa Dar es Salaam kupimwa, na majibu yakakaa huko huko. Jumapili kanisani nikasikia akina mama wananong'ona, "Unga wa muhogo, mwenzangu! Kipimo kimeonyesha." Mimi sikuandika unga wa muhogo popote. Lakini nilisikia, nikafungua kitabu cha nyimbo, nikaimba.

Kaka akaja Sekei. Hakukaa. Alisimama mlangoni akasema, "Dada, shikamoo. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja. Una uhakika?"

Nikamwambia, "Namba hazidanganyi, mdogo wangu."

"Mke wangu halali. Ananiambia zile dawa amezifungua mwenyewe, amezihesabu mwenyewe."

"Basi aeleze anafanya nini nyuma ya pazia."

Akanitazama kama mtu asiyenijua, akaondoka. Na Mama, Mama yetu mzazi, akawa upande wangu! Alisema, "Mwanangu amesoma. Kama amesema kwa kipimo, ni kweli." Tangu siku hiyo hakula tena kitu kilichotoka nyumba ya kaka kule Kimandolu. Mkwe akileta mtori wa ndizi, Mama anasema ameshiba.

Nikajiona nimeshinda. Kumbe mchimba kisima mimi.

Miezi haikupita mingi Mama akajikwaa kwenye kisiki akipalilia kahawa. Kidonda kidogo cha kidole gumba. Lakini Mama ana sukari, na mtu wa sukari hana kidonda kidogo. Mguu ukavimba, ukaanza kutoa usaha. Tukamteremsha mjini. Kwa kaka alikataa kata kata, akalala kwangu Sekei, na asubuhi nikawa nampeleka hospitali kwetu.

Akachomwa sindano za penisilini. Wadudu wake walizidharau. Daktari akasema, "Huyu anahitaji kloksasilini, na haraka." Bohari? Hakuna. Madukani? Tangu duka la wifi lifungwe wenye maduka waliingiwa na hofu, wakaficha dawa zao, ukiuliza unaambiwa "hatuuzi hiyo." Hofu ile niliipanda mimi.

Jioni kaka akaja na kopo mfukoni. Lilikuwa limebaki nyumbani kwao siku wakaguzi walipokuja. Akalisogeza mbele ya Mama, akapiga magoti. "Mama, tafadhali. Kunywa hizi."

Mama akageuzia uso ukutani. "Sinywi unga. Dada yako ameshapima."

Kaka akaniangalia mimi. Na mimi, jamani, mpaka hapo nilikuwa naamini! Ndiyo, niliuamini uongo wangu kabisa. Nikaomba kopo lile, nikasema nitapima upya.

Nikapima. Usaha wa Mama, na wa wagonjwa wengine waliokuwa wodini, na vidonge vichache vya mwisho vya bohari nilivyokuwa nimeviweka kwa kulinganishia. Asubuhi nikapanga sahani zote mezani. Nikaona, kama mara ya kwanza, sawa kwa sawa. Kwenye sahani ya Mama, duara la wifi lilikuwa pana na safi.

Na unajua nini? Mkono wangu ulianza kwenda. Haki ya Mungu, uliinuka wenyewe, ukaishika ile sahani ya Mama, ukaipeleka dirishani kwenye mwanga kutafuta kasoro. Nikaushangaa mkono wangu. Hapo ndipo nilipojua nilichomfanyia Mama Neema. Nikakaa kwenye stuli nikalia mpaka mwenzangu akauliza nimefiwa na nani.

Ungedhani nilikimbia nyumbani kusema. Sikukimbia! Hili ndilo linalonichoma kuliko lile la kwanza. Nilirudi nikasema, "Majibu bado." Kesho yake nikasema tena bado. Niliona aibu mbele ya kaka, mbele ya Daktari, mbele ya akina mama wa kanisani. Nikawa naomba Mungu bohari ilete dawa nisilazimike kufungua mdomo. Bohari haikuleta. Vidole vya Mama vikaanza kuwa vyeusi.

Siku ya kulazwa, wote walikuwepo. Mama kitandani, kaka, na Mama Neema amesimama mlangoni na chupa ya mtori aliyojua kuwa itakataliwa. Daktari alikuwa ameshasema neno la kukata mguu. Nikaweka lile kopo mezani, nikashika chuma cha kitanda.

"Mama, dawa ya wifi ni nzuri. Ilikuwa nzuri tangu mwanzo. Mimi nilitupa sahani."

Mama akauliza, taratibu, "Ulizotupa zilikuwa zinasema nini?"

"Zilikuwa zinamtetea."

Kaka alitoka nje. Nilisikia anapiga ukuta kwa ngumi. Mama Neema hakutoka. Alikuja akaweka chupa mezani, akachukua kopo, akatoa vidonge viwili, akamwinua Mama kichwa. "Kunywa kwanza, Mama. Mengine yatasubiri."

Mama akanywa. Dawa ile ile niliyoiita legelege ikauokoa mguu. Vidole havikuokoka, vilikatwa vyote vya mguu ule. Daktari alisema wangewahi kidogo tu kingepotea kile kimoja. Aliposema "wangewahi" hakuniangalia, na afadhali angeniangalia.

Kwenye korido wifi akanifuata. Nilitegemea matusi, nilikuwa nayataka. Akaniuliza tu, "Wifi, ulinishuku kwa lipi?"

Nikatafuta sababu zangu zote, zikanikimbia. Ikabaki moja. "Pazia," nikasema.

"Pazia?" Akashangaa kweli. "Wifi, nilikuwa nanyonyesha."

Mungu wangu! Alikuwa na mtoto mchanga. Nilikuwa namjua yule mtoto, nilimbeba siku ya ubatizo! Kila nilipopita dukani ningeweza kulifikiri hilo. Na hilo nalo nililitupa, kwa sababu lilikuwa linamtetea.

Nilikwenda kwa Daktari nikamweleza yote. Aliandika barua nyingine kwa watu wa mkoa, na mimi akanitoa maabara, nikapelekwa mapokezi kuandika majina ya wagonjwa. Sikulalamika. Ila chumba cha Levolosi kilikuwa kimeshapangishwa kwa fundi redio, na Mama Neema hakufungua duka tena. Kaka aliniambia kwamba mkewe alijaribu, lakini kila mteja alikuwa anakigeuza geuza kidonge kabla ya kulipa.

Mama amerudi mlimani. Anatembea kwa fimbo. Nikienda kumlalamikia kuhusu mtu, fulani hanipendi, fulani ananisema, ananisikiliza mpaka mwisho halafu ananiuliza, "Umehesabu zote?" Basi.

Kwa hiyo wewe unayesoma, nakuomba. Uwe na rula au huna, wewe nawe unapima watu. Kama una mtu unamshuku, jirani, mke, mume, mkwe, angalia ni mambo gani unayapeleka dirishani kwenye mwanga na yapi unayapitisha bila kuyatazama. Ukiona yale mazuri yake ndiyo yote yana kasoro, simama. Kasoro iko mkononi mwako. Na ukishajua umekosa, sema siku hiyo hiyo! Usingoje bohari.

Nimalizie na hili. Kwetu Umeruni, na kwao Machame vile vile, anayekupa mbege, pombe yetu ya ndizi, anaonja kwanza mwenyewe, uone haina sumu. Lakini ndani ya familia tulishaacha zamani, ukimwonjea ndugu yako ni kama kumtukana. Krismasi iliyofuata tulikutana kwa Mama. Nikajaza kibuyu, nikampelekea wifi kwa mikono miwili, watoto wote wapo, kaka yupo. Hakukipokea. Hakuwa na hasira, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Onja wewe kwanza, wifi."

Nikaonja.